Je, Wajua? Nani Apite Kwanza: Njia Panda Ndani ya Ramani ya Simu

Dereva akifika njia panda huamua mambo mengi kwa kutupa jicho mara moja: kibao kiko upande gani, barabara ipi ni kubwa, bajaji ile inayokuja imepunguza mwendo au la. Ramani iliyo ndani ya simu haina jicho. Inajua kile tu kilichoandikwa ndani yake. Kibao chenyewe ni rahisi kukiandika, maana kina mahali na kina umbo. Kazi ipo kwenye haki ya kupita, kwa sababu haki hiyo haimo kwenye kibao wala kwenye barabara moja. Imo kati ya barabara mbili zinapokutana. Haya ni baadhi ya mambo ambayo wachora ramani wamekutana nayo walipojaribu kuiandika.

Alama ya "Simama" haikuzaliwa nyekundu

Je, wajua kwamba kibao kinachotajwa kuwa cha kwanza cha kusimamisha magari, kilichowekwa Detroit, Marekani, mwaka 1915, kilikuwa cheupe chenye maandishi meusi? Pembe nane zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920, idara za barabara za majimbo ya bonde la mto Mississippi zilipokubaliana kwamba umbo la kibao liseme ukubwa wa hatari. Duara, linalohesabiwa kuwa na pembe zisizo na mwisho, lilipewa makutano ya barabara na reli. Pembe nane zikafuata, kwa ajili ya mahali pa kusimama. Kibao kilikaa na rangi ya njano hadi 1954, ndipo kikawa chekundu, baada ya kupatikana rangi nyekundu isiyopauka haraka juani.

Umbo hilo lina faida nyingine. Dereva anayekuja kutoka upande wa pili hukitambua kibao hata akikiona mgongo, akajua kwamba aliyeamriwa kusimama ni mwenzake. Kibao kimoja kinasema na watu wawili, na hilo ndilo gumu kuliandika kwenye data.

Mtetezi mkubwa wa sheria za barabarani hakuwa dereva

William Phelps Eno, aliyezaliwa New York mwaka 1858, alianza kupigania sheria za barabarani mwaka 1900, wakati barabara bado zilikuwa za farasi na mikokoteni. Ndiye aliyeandika kanuni za mwanzo za usafiri za jiji la New York mwaka 1903. Pamoja na yote hayo, inaelezwa kwamba hakuwahi kujifunza kuendesha gari.

"Pisha" ni mdogo kwa "Simama"

Alama ya kupisha ilichelewa sana. Ya kwanza Marekani iliwekwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1950, kwa wazo la polisi aitwaye Clinton Riggs. Tofauti yake na "Simama" ni kubwa kuliko inavyoonekana. "Simama" hudai magurudumu yatulie kabisa, hata kama barabara ni tupu kama uwanja wa mpira saa nane za usiku. "Pisha" humtaka dereva asimzuie mwenye haki. Pasipo mtu, anapita. Ramani ikizichanganya alama hizi mbili, hesabu ya muda wa safari nayo inakwenda upande.

Dunia nzima kwa nukta, mistari na mafungu

OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, imejengwa kwa vitu vya aina tatu tu. Kuna nukta, kuna mstari unaounganisha nukta, na kuna fungu linalotaja uhusiano wa vitu kadhaa. Kila kitu hubandikwa lebo zinazosema ni nini. Mahali pa nukta huhifadhiwa kwa tarakimu saba baada ya desimali, usahihi ambao kwenye ikweta ni kama sentimita 1.1. Kwa hiyo nafasi ya kuandika mahali kibao kilipo ipo tele. Kinachopungua ni nafasi ya kuandika kinamhusu nani.

Kibao husimama pembeni, lakini nukta huwekwa katikati ya lami

Je, wajua kwamba kwenye OpenStreetMap alama ya "Simama" haichorwi pale nguzo ilipochimbiwa? Huwekwa juu ya mstari wa barabara, pale gari linapotakiwa kusimama. Sababu ni kwamba programu ya kutafuta njia husafiri juu ya mistari. Nguzo iliyo mita mbili nje ya mstari haiioni kabisa. Nukta iliyo juu ya mstari itakanyagwa na kila safari inayopita, na lebo yake, highway=stop, itasomwa.

Nguzo yenyewe inaweza kuchorwa kando kama kitu cha pekee, ikapewa namba ya serikali ya nchi husika: Ujerumani ni DE:206, Marekani ni US:R1-1. Namba hiyo ni ya kumbukumbu. Inayomwongoza dereva ni ile nukta ya barabarani.

Ukiiweka kwenye makutano, umesimamisha mji mzima

Kosa la mchora ramani mgeni ni kuiweka lebo ya "Simama" kwenye nukta ile ambapo barabara mbili zinakutana. Inaonekana ni sawa, kumbe nukta hiyo ni ya barabara zote mbili. Programu itasoma kwamba hata anayekuja na barabara kuu lazima asimame, jambo ambalo hakuna aliyeliamuru. Ndiyo maana lebo husogezwa nyuma kidogo, hadi kwenye mkono wa barabara ndogo peke yake.

Kila mstari una mshale usioonekana

Hata hapo tatizo halijaisha. Mkono wa barabara ndogo una magari yanayokuja kwenye makutano na mengine yanayotoka. Nukta ipo juu ya mstari mmoja, na wote wawili wanaikanyaga. Nani asimame?

Jibu limefichwa katika namna mstari ulivyochorwa. Kila mstari una nukta ya kwanza na ya mwisho, hivyo una mwelekeo hata kama barabara ni ya pande mbili. Lebo ya ziada husema kama alama inawahusu wanaokwenda na mwelekeo huo au wanaokuja kinyume chake. Hatari ni pale mtu mwingine anapougeuza mstari kwa sababu zake, pengine anarekebisha barabara ya upande mmoja. Mshale ukigeuka na lebo ikabaki ilivyokuwa, wanaotoka kwenye makutano ndio watakaoamriwa kusimama. Kwa sababu hiyo programu kubwa za kuchorea, iD na JOSM, huzishughulikia lebo hizo mstari unapogeuzwa.

Makutano ambayo kila mtu husimama

Marekani, Kanada na Afrika Kusini kuna makutano yenye kibao cha "Simama" kila upande. Kanuni yake ni rahisi kuieleza: aliyefika kwanza ndiye anayepita kwanza. Kwa ramani, hii ni habari tofauti kabisa na kibao kilicho upande mmoja, kwa sababu anayesimama anategemea kwamba wenzake nao wamesimama. OpenStreetMap huitenganisha kwa lebo: stop=all maana yake wote, stop=minor maana yake barabara ndogo tu. Hata hivyo, zamu ya kupita haiwezi kuandikwa popote. Inazaliwa pale magari yanapofika, na kufa yanapoondoka.

Njia mbili, sehemu 32 za kugongana

Makutano ya kawaida ya mikono minne yana miendo 12: kila upande unaweza kunyoosha, kukata kushoto au kukata kulia. Wahandisi wa barabara huhesabu humo sehemu 32 ambazo njia za magari hukatana, huungana au hutengana. Kwenye mzunguko wa njia moja, ule ambao Dar es Salaam huitwa kipilefti, sehemu hizo hushuka hadi 8. Kila sehemu ya kukatana au kuungana ni swali la nani apite kwanza, na alama mbili za "Simama" zinatakiwa kuyajibu yote.

Pasipo kibao pana sheria

Ujerumani, Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya zinazoendesha kulia, makutano yasiyo na alama yoyote yana kanuni yake: mpishe anayetoka kulia kwako. Mitaa mingi ya makazi haina kibao hata kimoja kwa makusudi. Anayetaka kuvuka kwa uhakika huangalia kibao cha pembe nne cha njano kilichosimama kwa ncha, kinachotangaza barabara kuu.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani uliiweka kanuni hiyo ya kulia kwa nchi zinazoendesha kulia. Zinazoendesha kushoto hazikufungwa na kanuni hiyo.

Sasa fikiria ramani ya mtaa wa Berlin ambao hauna lebo ya kupisha. Je, mchora ramani hajafika, au amefika akakuta hakuna kibao? Data zinafanana kabisa. Kwa hiyo kuna lebo za kusema wazi kwamba barabara fulani ina kipaumbele, ili ukimya usibaki kuwa ushahidi pekee.

Si kila duara ni kipilefti

Uingereza iliweka mwaka 1966 kanuni kwamba anayeingia kwenye mzunguko awapishe walio ndani. Ndiyo kanuni iliyofanya mizunguko isijifunge kwa magari. Lakini ukifika Place Charles de Gaulle jijini Paris, pale penye Arc de Triomphe, kanuni imepinduka. Barabara 12 zinamiminika humo, na anayeingia ndiye mwenye haki. Aliye ndani anampisha.

Kwa macho ya setilaiti hayo yote ni maduara. Kwenye data ni vitu viwili. Lebo ya junction=roundabout husema aliye ndani ana kipaumbele; duara lisilo na kanuni hiyo hupewa junction=circular. Lebo hiyo moja ikikosewa, umbo kwenye ramani halibadiliki hata kidogo, ila sheria ya mahali pale imegeuzwa.

Mzunguko unaozunguka kinyume

Swindon, Uingereza, kuna mzunguko wa mwaka 1972 unaoundwa na mizunguko midogo mitano iliyozunguka mmoja wa katikati. Ile midogo huendeshwa kufuata mwelekeo wa saa, kama ilivyo kwa nchi zote za kushoto, lakini ule wa katikati huenda kinyume cha saa. Mzunguko mdogo wa aina hiyo, wenye kitovu cha rangi tu ambacho lori linaweza kukikanyaga, OpenStreetMap huuandika kwa nukta moja. Na kwa kuwa nukta haina mwelekeo, huambiwa kwa lebo izunguke upande gani.

Barabara zinapishana, ila hazijakutana

Makutano ya Tazara jijini Dar es Salaam yalipata daraja la juu la Mfugale mwaka 2018, na Ubungo ikapata la Kijazi, lenye ngazi tatu, mwaka 2021. Kwenye karatasi mistari ya barabara hizo bado inakatana. Kwenye data kuna jambo dogo lililobadilika: mistari ya juu na ya chini haishiriki tena nukta moja, na ya juu ina lebo ya daraja na ya ngazi. Programu haioni tena makutano. Swali la nani apite kwanza halipo, kwa sababu kwa ramani magari hayo hayawezi kukutana. Mchora ramani akiunganisha mistari hiyo kwa bahati mbaya, simu itamwambia dereva akate kulia kutoka juu ya daraja.

Mpaka unaogeuza kila kitu

Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto; Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali hubadilisha upande mpakani Rusumo. Kwa data, upande wa kuendesha huandikwa kwa nchi nzima, si kwa kila barabara. Lakini mizunguko huchorwa kwa kufuata mwendo wa magari: Tanzania kwa mwelekeo wa saa, Rwanda kinyume chake.

Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, na Samoa ikahama kutoka kulia kwenda kushoto mwaka 2009. Nchi ikifanya hivyo leo, kubadilisha lebo ya nchi ni kazi ya sekunde moja. Kazi kubwa itakuwa kugeuza kila mzunguko.

Kona ina gharama yake

Edsger Dijkstra alibuni mwaka 1956, kwa dakika kama 20 akiwa mgahawani Amsterdam, kanuni ya kutafuta njia fupi kuliko zote. Mpaka leo programu nyingi za ramani zimejengwa juu ya wazo lake. Kanuni hiyo inataka kila kipande cha barabara kiwe na gharama, mathalani sekunde. Kusimama nako ni gharama: OSRM, programu huru ya kutafuta njia, kwa mpangilio wake wa kawaida wa magari huongeza sekunde 2 kwa kila taa.

Lakini gharama ya kukata kona ni ya nani? Kunyoosha kwenye barabara kuu ni bure. Kukata kulia kuvuka magari yanayokuja, kwetu tunaoendesha kushoto, ni kusubiri. Makutano ni yale yale, barabara ni zile zile. Ndiyo maana OSRM hugeuza ramani ndani-nje kabla ya kuanza hesabu: kila kipande cha barabara hufanywa kuwa nukta, na kila kona inayowezekana hufanywa kuwa mstari. Hapo kona inapata mahali pa kubeba sekunde zake.

Ramani za magari yanayojiendesha huandika uhusiano wenyewe

Agosti 2013 gari la Mercedes lilijiendesha zaidi ya kilomita 100 kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, likifuata njia aliyopita Bertha Benz mwaka 1888. Ramani yake ilikata barabara kuwa vipande vidogo vya njia za magari. Mrithi wa mfumo huo, Lanelet2 wa mwaka 2018, una kifungu cha sheria kinachotaja mambo manne kwa pamoja: vipande vyenye haki ya kupita, vipande vinavyotakiwa kupisha, mstari wa kusimama, na kibao kinachothibitisha hayo. Muundo mwingine wa ramani hizo, OpenDRIVE, nao huandika, kwenye makutano, barabara ipi ina kipaumbele cha juu na ipi cha chini. Humo kibao ni shahidi. Sheria imepata ukurasa wake.

"Simama" moja, maana mbili

Jimbo la Idaho, Marekani, tangu 1982 linamruhusu mwendesha baiskeli kuichukulia alama ya "Simama" kama "Pisha". Nguzo ni ile ile, nukta ni ile ile, ila jibu linategemea unaendesha nini. Ramani inayohifadhi kibao bila kuhifadhi sheria ya jimbo itamkadiria mwenye baiskeli muda usio wake.

Gari lililokuwa likichungulia bila kusimama

Februari 2022 Tesla ilitangaza kurekebisha magari 53,822 nchini Marekani. Programu yao ya majaribio ya kujiendesha ilikuwa imepangwa, katika hali fulani, kupita kwenye makutano ya "Simama" kwa pande zote kwa mwendo wa hadi kilomita 9 kwa saa. Magari yalikiona kibao vizuri. Waliolainisha maana ya kusimama ni walioandika programu.

Kamera nayo ina udhaifu wake. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2017 kwamba vipande vichache vya stika nyeusi na nyeupe vinaweza kuifanya kompyuta isome "Simama" kama kikomo cha mwendo wa maili 45 kwa saa. Gari lenye ramani sahihi lina pa kuuliza mara ya pili.

Wanaoandika ni vijana wenye simu

Ramani ya Kibera, Nairobi, ilianza kuchorwa na vijana wa hapo mwaka 2009. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Mapillary, iliyoanzia Malmö, Sweden, mwaka 2013, hupokea picha za barabarani kutoka kwa mtu yeyote na kutambua vibao vilivyomo. Mashine ikiona kibao inajua kipo. Kama kinamhusu anayetoka kichochoroni au anayepita barabara kuu, mara nyingi anahitajika mtu anayepajua mahali hapo.

Mwenye kauli ya mwisho hayumo kwenye data

Mkataba wa Vienna umepanga madaraka barabarani. Taa hushinda alama za kipaumbele: makutano yenye taa zinazowaka, kibao cha "Pisha" hungoja zizimike. Alama nazo hushinda kanuni za jumla. Juu ya vyote yupo trafiki. Amri ya mkono wake hutangulia taa, vibao na michoro ya lami.

Programu inaweza kuandikiwa mpangilio huo wote isipokuwa ngazi ya juu kabisa. Trafiki hana nukta wala lebo, na saa za kufika kwake hazijaandikwa. Kinachoonekana kutoka kwenye simu za madereva ni kwamba magari ya upande mmoja yamesimama kwa muda mrefu, sababu haionekani. Simu ikikwambia nyoosha na trafiki akikunyooshea kiganja, sheria iko upande wa kiganja.